Mbwa Alikula Nini? Biskuti, Pumba na Kadi ya Mgao kutoka London hadi Dzaleka

Utangulizi

Katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, wilayani Dowa, yapata kilomita 45 kutoka Lilongwe, mtu akionekana anamwokea mbwa biskuti hakosi kuulizwa swali moja: "Watu hawajashiba, wewe unampikia mbwa?" Swali hilo huulizwa kwa Kiswahili, kwa Kirundi, kwa Kinyarwanda na kwa Kichewa, na anayeliuliza huwa hatanii. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na anayemlisha mbwa hudhaniwa kuwa ameshiba.

Insha hii inalichukua swali hilo kama swali la historia. Inachunguza limewahi kuulizwa wapi na lini, waliolijibu walisema nini, na kwa nini Dzaleka linauma zaidi. Hoja yangu ni kwamba chakula cha mbwa hufuata mgao wa binadamu. Mgao ukinyooka, mbwa hupata. Mgao ukikatwa, mbwa ndiye wa kwanza kukosa. Kwa hiyo anayemlaumu mbwa kwa njaa ya watu amemfungulia kesi asiyehusika. Tena, mwanahistoria anayetaka kujua hali ya nyumba fulani katika mwaka fulani anaweza kuanza kwa kuuliza mbwa wa nyumba hiyo alikula nini.

Mbwa ninayemzungumzia hapa ni mbwa wa kuokotwa, yaani aliyeachwa, aliyepotea au aliyezaliwa jalalani, kisha akapata mtu wa kumfungulia mlango.

Makombo kabla ya biskuti

Kwa sehemu kubwa ya historia mbwa hakuwa na chakula kilichotengenezwa kwa ajili yake. Alikula makombo, na ushahidi wa jambo hilo umo katika maandiko tunayoyajua sote. Katika Injili ya Mathayo, mwanamke Mkanaani anamjibu Yesu kwa kutaja desturi ya nyumbani, kwamba mbwa hula makombo yanayoanguka kutoka mezani kwa bwana zao. Jibu hilo lisingekuwa na nguvu kama wasikilizaji wasingeifahamu desturi yenyewe. Katika hadithi za Mtume Muhammad zilizokusanywa na Bukhari, yumo mtu aliyeteremka kisimani, akajaza maji kiatuni mwake, akamnywesha mbwa aliyekuwa akifa kwa kiu, naye akasamehewa. Waislamu wengi wa Afrika Mashariki wanaojitenga na mate ya mbwa kwa sababu ya najisi wanaijua hadithi hiyo pia, na hawaoni kwamba najisi imefuta huruma.

Palipokuwa na kazi, mbwa alipata zaidi ya makombo. Katika misitu ya Kongo, mbwa wadogo wa aina iliyokuja kujulikana duniani kwa jina la basenji waliwinda pamoja na watu, shingoni wamefungwa njuga, na windo lilipopatikana nao walikuwa na haki yao. Ulaya ya zama za kati, mabwana waliowinda kwa makundi makubwa ya mbwa waliwaokea mikate ya nafaka duni. Mfaransa Gaston Phébus, aliyeanza kuandika kitabu chake cha uwindaji mwaka 1387, alitumia kurasa nyingi kueleza malezi ya mbwa wa aina hiyo. Kwa hiyo kumwokea mbwa hakukuanza na matajiri wa leo. Mkate ule ulikuwa ujira wa mfanyakazi. Mbwa asiye na kazi wala bwana ndiye aliyebaki na jalala.

London, 1860

Mambo mawili yalianza karibu wakati mmoja katika jiji la London, na yote mawili yanahusu swali letu.

La kwanza ni biskuti. James Spratt, Mmarekani aliyekwenda Uingereza kuuza vyuma vya kukinga radi, inasimuliwa kwamba aliwaona mbwa wa bandarini wakila biskuti ngumu zilizotupwa kutoka melini. Biskuti hizo zilikuwa mgao wa mabaharia: unga na maji, zikaokwa hadi zikawa ngumu kama kigae, ili zihimili safari ya miezi. Karibu mwaka 1860 Spratt alianza kuuza biskuti za mbwa zenye ngano, mboga na nyama iliyokaushwa. Mmoja wa vijana aliowaajiri, Charles Cruft, ndiye aliyeanzisha mwaka 1891 maonyesho ya mbwa yanayobeba jina lake hadi leo. Kwa hiyo biskuti ya mbwa ya kiwandani, ambayo leo hupangwa katika rafu za maduka makubwa ya Lilongwe, ilitokana na mgao wa watu waliokuwa safarini wakila walichopewa. Mkimbizi akisikia habari hiyo hahitaji kufafanuliwa zaidi.

La pili ni nyumba ya kuokolea mbwa. Mwaka huohuo wa 1860 Mary Tealby alifungua katika mtaa wa Holloway nyumba ya muda ya mbwa waliopotea na wenye njaa. Ilihamia Battersea mwaka 1871, na ipo hadi leo. Ilipofunguliwa, gazeti la The Times liliikejeli. Kejeli yenyewe ilikuwa ileile tunayoisikia Dzaleka: watu wana dhiki, nanyi mnawajengea mbwa makazi? London ya siku zile ilikuwa na maskini wengi kwelikweli, waliolala katika nyumba za maskini za serikali na kuishi kwa uji mwepesi. Mwaka 1862 jarida la Charles Dickens lilichapisha makala iliyolinganisha maonyesho ya mbwa wa matajiri na nyumba ile ya mbwa wa mitaani, ikaitetea ile ya pili. Waliokejeli hawakuacha nyumba yoyote ya kulisha maskini kwa sababu ya kejeli ile, na kufungwa kwa nyumba ya mbwa kusingemwongezea mtu yeyote kijiko cha uji.

Miaka 79 baadaye London ilitoa ushahidi mwingine. Septemba 1939, vita vilipotangazwa, Waingereza waliwapeleka mbwa na paka wao wakauawe. Waliouawa katika siku chache walikuwa mamia ya maelfu. Mabomu yalikuwa hayajaanza kuanguka jijini, na kadi za mgao wa chakula zilianza kutumika Januari 1940 tu. Hofu ya mgao peke yake ilitosha, hata katika nchi iliyokuwa imewafungulia mbwa viwanda.

Pumba za mahindi Malawi

Tukirudi huku tuliko, mstari unaotenganisha chakula cha mtu na cha mnyama Malawi hupita kwenye mashine ya kusaga. Mahindi yakisagwa yote pamoja na ganda lake hutoa unga uitwao mgaiwa. Yakikobolewa kwanza hutoa unga mweupe, ufa woyera, ambao watu wengi huupenda kwa nsima, chakula ambacho sisi tuliotoka mashariki mwa Kongo tumezoea kukiita bugali au fufu. Kinachobaki baada ya kukoboa ni pumba, ambazo kwa Kichewa huitwa madeya au gaga. Pumba ni za kuku, za nguruwe na za mbwa. Mbwa wengi wa vijijini Malawi wamekua kwa nsima ya madeya na mabaki ya chungu.

Mstari huo husogea. Katika njaa ya mwaka 2001 hadi 2002, baada ya mavuno kuharibika na akiba ya taifa ya mahindi kuuzwa, madeya yalivuka upande wa pili, yakawa chakula cha watu. William Kamkwamba, kijana wa Wimbe wilayani Kasungu ambaye baadaye alijulikana duniani kwa kujenga kinu cha upepo kwa vyuma chakavu, ameisimulia njaa hiyo katika kitabu alichokiandika pamoja na Bryan Mealer mwaka 2009. Katika kitabu hicho yumo mbwa wake, Khamba. Watu waliponunua gaga ili wapike wao wenyewe, Khamba hakuwa na cha kula tena, na njaa ile hakuimaliza.

Wasomaji wengi hukumbuka kinu cha upepo na kumsahau mbwa. Kwa mwanahistoria, Khamba ni shahidi muhimu. Takwimu za mavuno hutuambia tani ngapi zilipungua. Mbwa aliyekosa madeya hutuambia ni mwezi gani nyumba fulani ilivuka mstari na kuanza kula kilichokuwa chake.

Mbwa asiyekuwamo kwenye kadi

Dzaleka yenyewe ina historia nzito kuliko jina lake. Kabla ya kuwa kambi ilikuwa gereza, lililowekwa wafungwa wa kisiasa wa utawala wa Rais Kamuzu Banda kuanzia miaka ya 1960. Jina linatokana na kitenzi cha Kichewa kuleka, yaani kuacha, na hufafanuliwa kuwa ahadi ya mfungwa kwamba hatarudia. Mwaka 1994, Banda alipoondoka madarakani kwa kura, mahali hapo pakafunguliwa kwa wakimbizi. Kambi ilikusudiwa watu wapatao 10,000 hadi 12,000. Leo inao zaidi ya 50,000, wengi wao wakiwa wametoka Kongo, wakifuatiwa na watu wa Burundi na Rwanda.

Mwaka huo wa 1994 unaeleza pia kwa nini si kila jirani humtazama mbwa kwa jicho jema. Rwanda, wakati wa mauaji ya kimbari, mbwa walioachwa bila wenyewe walikula maiti, na wanajeshi wakawapiga risasi kwa wingi. Waandishi waliofika Kigali baadaye walishangazwa na nchi isiyokuwa na mlio wa mbwa. Mtu aliyepita katika mambo hayo akimfukuza mbwa mlangoni pake kwa jiwe, haifai kumwita katili kabla hujamuuliza alikotoka. Anayetaka kufuga mbwa Dzaleka anaishi na majirani wenye kumbukumbu hiyo, na adabu inamtaka amfunge mbwa wake wakati wa wageni.

Kisha kuna kadi. Mgao wa Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, uliotolewa kwanza kwa mahindi, kunde na mafuta, na baadaye kwa fedha, huhesabiwa kwa vichwa vya watu. Mbwa si kichwa. Anachokula kinatoka katika sehemu ya mtu fulani, na kila mgao ulipopunguzwa kwa sababu ya ukosefu wa fedha za wafadhili, jambo lililotokea mara kadhaa, familia zilipaswa kuamua upya. Wengi hawakumfukuza mbwa. Waliacha tu kumpa, naye akaenda mwenyewe jalalani. Hivyo ndivyo mbwa wa nyumbani anavyogeuka mbwa wa mtaani, bila siku maalumu wala mtu wa kulaumiwa.

Mei 2023 iliongeza mbwa wa aina nyingine. Serikali ya Malawi, iliyokuwa imetoa agizo tangu 2021, iliwahamisha kwa nguvu wakimbizi waliokuwa wakiishi na kufanya biashara Lilongwe na miji mingine, ikawarudisha Dzaleka. Mtu anayepakiwa garini kwa ghafla hubeba watoto, nyaraka na godoro. Mbwa aliyekuwa akilinda duka hana nafasi katika gari hilo. Sheria ya Malawi inayowataka wakimbizi waishi kambini haikuandikwa kwa ajili ya mbwa, lakini nao iliwafikia.

Chanjo na mkono wa mtu

Hadi hapa mtu anaweza kusema: sawa, mbwa anateseka, lakini bado watu kwanza. Nakubali kabisa, na ndiyo sababu suala la kichaa cha mbwa haliwezi kuachwa nje.

Ugonjwa huo huua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, karibu wote kwa kuumwa na mbwa, na sehemu kubwa yao ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikishaonekana, hakuna tiba ya kutegemea. Malawi inaujua vizuri. Hospitali ya Queen Elizabeth mjini Blantyre ilishuhudia vifo vingi vya watoto kwa ugonjwa huu, na mwaka 2015 mradi wa Mission Rabies ukachanja mbwa wapatao 35,000 katika siku 20 za kazi mjini humo, kwa vituo maalumu na kwa kwenda nyumba hadi nyumba. Lilongwe, chama cha kulinda wanyama kijulikanacho kama LSPCA huendesha kliniki, chanjo na kazi ya kufunga uzazi wa mbwa. Shirika la Afya Duniani linashauri kuchanja asilimia 70 ya mbwa wa eneo ili ugonjwa ukose njia. Kuwaua mbwa, njia ambayo miji mingi ya Afrika imeijaribu, hakukuumaliza, kwa kuwa mbwa wapya wasiochanjwa huingia mahali pa waliouawa.

Sasa tufikirie kituo cha chanjo. Mbwa aliyezoea mawe hashikiki. Akiona watu wamekusanyika anakimbia. Mbwa aliyezoea kula mkononi mwa mtu anakuja akiitwa, anasimama, anadungwa. Tofauti kati ya wawili hao ni chakula kidogo kilichotolewa kwa mkono mara nyingi. Kambini, ambako watoto wengi hucheza pamoja katika vijia vyembamba kati ya nyumba, tofauti hiyo inawahusu watu kabla ya kumhusu mbwa. Biskuti moja ndogo si upole mtupu. Ndiyo inayomleta mbwa kwenye sindano.

Sufuria, mchanga na makaa

Nyumbani kwetu mbwa wa kuokotwa huokewa, na sioni sababu ya kulificha jambo hilo katika insha ya historia, kwa kuwa mapishi nayo ni ushahidi. Tanuri ni sufuria kubwa iliyowekwa mchanga chini, na ndani yake sufuria ndogo juu ya mawe matatu. Moto huwa chini, na makaa mengine huwekwa juu ya mfuniko. Mama huoka kwanza keki za kuuza. Zikishatoka, makaa yamelegea lakini mchanga bado una joto, na hapo ndipo biskuti za mbwa huingia. Hazitumii makaa yao wenyewe, jambo lenye maana mahali ambapo miti imekwisha na gunia la makaa ni bei.

Unga wake ni madeya yaliyochekechwa, yakichanganywa na mgaiwa kidogo ili yashikane, maji, na vichwa vya usipa waliokaushwa bila chumvi vikatwangwa. Usipa ni dagaa wa Ziwa Malawi, na vichwa vyake watu wengi huvitupa. Yai likipasuka bahati mbaya, linaingia. Unakanda, unakata vipande vidogo kama kidole gumba, unaoka hadi vikauke kabisa ili visiote ukungu.

Visivyoingia ni muhimu kuliko vinavyoingia. Kitunguu maji, kitunguu saumu, zabibu kavu na chokoleti ni sumu kwa mbwa. Mahindi na karanga zilizoota ukungu pia hazifai, ingawa desturi ya wengi ni kumpa mbwa kile ambacho mtu amekikataa. Ukungu huo una sumukuvu. Mwaka 2004 sumukuvu katika mahindi iliua watu 125 mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui. Sumu hiyo huliharibu ini la mbwa vilevile inavyoliharibu la mtu.

Mtu atasema madeya nayo yana bei, na kuku wangeyala wakataga. Ni kweli. Ndiyo maana nyumba yetu ina sharti moja lisilojadiliwa: mwezi ambao madeya yanapikwa kwa ajili ya watu, hakuna biskuti. Miezi hiyo imekuwapo. Mbwa alikula maganda na alichojitafutia, na hakuna aliyehitaji kukumbushwa sharti.

Hitimisho

Swali la "watu hawajashiba, wewe unampikia mbwa?" lilikuwapo London mwaka 1860 na lilikuwapo, bila maneno, Wimbe mwaka 2002. Mifano hiyo inaonyesha kwamba mbwa hakuwahi kuchukua chakula kilichokuwa njiani kumfikia mtu. Alichukua kilichobaki, na kilipokosa kubaki alikufa au aliuawa. Walioamua kiasi gani kibaki walikuwa wengine: walinunuzi wa mahindi, serikali, wafadhili, waandishi wa sheria za kambi. Dzaleka swali hilo linauma zaidi kwa sababu waamuzi hao wako mbali sana, na mbwa yuko karibu.

Kwa hiyo jibu langu kwa jirani anayeuliza ni kwamba biskuti hii imeokwa kwa pumba, kwa vichwa vya usipa na kwa moto uliokwisha kazi, na kwamba itamleta mbwa huyu kwenye chanjo kabla hajamfikia mtoto wako. Swali la shibe lina haki ya kuulizwa, ila liulizwe mahali mgao unapopangwa.

Kwa wanafunzi wenzangu nina pendekezo moja la kazi. Mnapowahoji wazee wetu kuhusu Fizi, Uvira, Bujumbura au miaka ya mwanzo ya Dzaleka, baada ya kuuliza vita na safari, ulizeni kama nyumba ilikuwa na mbwa na alikula nini mwaka ule. Wazee wengi husita kusema waziwazi kwamba walilala njaa. Habari za mbwa huzisema bila aibu, na ndani yake mtasikia zile za nyumba.